Maji ya Mgeni

Mtoto alikataa ziwa tena, na safari hii hakulia. Kutolia huko ndiko kulikomtisha Chelagat. Mtoto anayelia bado ana nguvu ya kulia. Huyu aligeuza uso tu, akabana midomo, akaacha maziwa yamchirizike shavuni mpaka kwenye khanga ya mama yake.

“Mpe hilo lingine,” alisema nesi Gaudensia.

“Nimempa yote tangu alfajiri,” Salvina akajibu. Alikuwa amekaa kitandani, nywele hazijasukwa, macho yamemwiva kwa kukesha. “Anaonja, halafu anatema. Hata mbuzi hafanyi hivi.”

Gaudensia alikinga tone la maziwa kwa kidole, akalionja. Akalionja tena.

“Kwangu ni maziwa tu, tena matamu,” alisema. Akajifuta kidole kwenye aproni, polepole, kama mtu anayetafuta namna ya kulichelewesha neno. “Salvina, huyu mtoto Uzi haumjui.”

Kwenye mkeka pale pembeni, Bibi Editruda, mama mkwe wa Salvina, aliacha kuhesabu rozari. Chelagat alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu.

Kwa watu wa Luhelo maneno hayo hayakuhitaji ufafanuzi, ila kwa aliye mbali lazima yaelezwe. Bonde lao lilikuwa limeoza zamani. Migodi ya huko milimani, ambayo wenyewe walishakusanya chao wakaondoka, iliacha sumu ardhini, na kwa kizazi kizima mpunga uliota mweusi na ng'ombe wakazaa ndama wasioweza kusimama. Ndipo mafundi wakaja wakapanda Uzi. Ilikuwa kuvu iliyotengenezwa maabara, yenye nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, ikatambaa chini kwa chini mpaka ikaunganisha kila mzizi, kila mfereji na kila kisima. Sumu iliyolika Uzi uliila. Isiyolika uliifunga, na katika maji ya kunywa ukatia kinga iliyopimwa kwa mwili wa kila mtu, baada ya kuonja jasho la mkono wake kisimani.

Lakini bonde halikuweza kubeba kila anayekuja, na Uzi ulikijua kiasi chake kuliko serikali yoyote. Ulitoa nafasi, nyumba kwa nyumba. Mwenye nafasi, maji kwake yalikuwa matamu. Asiye na nafasi yalimgeukia kuwa nyongo, na mtoto asiye na nafasi aliionja nyongo hiyo hata katika maziwa ya mama yake.

“Nafasi ilikuwepo,” Salvina alisema. “Miaka sita tumeisubiri, mimi na Gerivas, tunazuia mimba kama wezi. Ilipotolewa nilicheza pale kisimani mbele za watu. Ilikuwepo, Gaude.”

“Ilikuwepo,” nesi akakubali. Hakumtazama Chelagat. Alitazama dari, akatazama dirisha, akatazama viatu vyake mwenyewe, na kwa jinsi alivyozunguka kumkwepa, Chelagat akaelewa nafasi ile imekwenda wapi.

*

Chelagat alikuja Luhelo kwa muhula mmoja tu. Kwao ni milima ya Nandi, kwenye baridi na majani ya chai, na chuo chake kilikuwa kimeanzisha programu ya kupeleka wanafunzi wa maendeleo endelevu katika nchi ya jirani, bondeni kwenye joto, wakajifunze jinsi watu walivyokubali kuishi kwa kipimo cha ardhi. Yeye alikuwa wa kwanza. Wenyeji walimcheka Kiswahili chake, kwa kuwa alisema “nipe chai” pale ambapo mtu mwenye adabu husema “naomba chai”, na yeye akawacheka kwa kuomba hata chumvi iliyo mbele yao.

Programu ilikuwa imeleta tangi la maji ya wageni, yaliyosafishwa mjini, ili mwanafunzi asiguse kisima. Salvina alilitazama tangi lile likishushwa, akaona aibu. Mgeni alale chini ya paa lake, ale ugali wake, halafu anywe pembeni, kama ng'ombe aliye chini ya dawa? Watu wangesemaje? Jioni ileile alimshika mkono hadi kisimani, akauzamisha mkono wa Chelagat majini, na mbele ya sikio, kile kidude cha kijivu ambacho mafundi walikifunga nguzoni ili Uzi upate kusikia kauli za watu, akasema kwa sauti ya kujivuna, “Huyu ni mwanangu.”

Wanawake walipiga vigelegele. Dakta Kimwaga, mhadhiri aliyemsindikiza, alipiga makofi mpaka miwani ikamshuka puani. Chelagat alilia, maana alikuwa na siku chache tu tangu aondoke kwao na hakutegemea kuitwa mtoto na mtu yeyote.

Salvina alikuwa na mimba ya miezi minne wakati huo, na hakuwa ameitangaza. Alidhani hakuna ubaya. Uzi si unajua tumbo la kila mama? Kwa kweli ulilijua. Ila ulisikia pia kwamba mama mwenyewe, kwa kinywa chake, ameleta mtoto, na nyumba ile ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Hata hivyo ingepita salama, kwani Chelagat angeachishwa maji taratibu na kuondoka kabla ya siku za kujifungua. Mtoto akawahi.

*

“Tumpeleke nje ya bonde,” Chelagat alisema. “Hospitali kubwa. Wampe maziwa ya kopo.”

“Damu yake imejengwa na maji ya hapa,” nesi alijibu. “Kopo halina kinga, na kumtoa ni kumkata na Uzi ghafla. Mtu mzima akikatwa ghafla anapoteza macho. Kitoto cha hivi hakifiki hata darajani.”

“Kwani macho hupotea kabisa?”

Gaudensia alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. “Nimewaona wawili. Mmoja alirudiwa baada ya masika. Mwingine bado anashikwa mkono kwenda chooni. Kuachishwa vizuri ni wiki tatu, na huyu mtoto hana hata nusu ya wiki.” Akafunga mkoba wake. “Nafasi inaachiwa kwa kauli tu, pale kisimani, na mwenye kauli katika nyumba hii ni Salvina. Mimi sisemi atolewe nani. Msiniulize.”

Salvina alimfunika mtoto, akamfunua, akamfunika tena. Mumewe alikuwa zamu ya malango ya mifereji, huko juu ambako simu hazishiki, na hata angekuwapo, Chelagat alishajua angefanya nini: angekaa uani na kutazama mikono yake.

Chelagat alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi ya jiko, akafumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili, akijaribu. Giza la kope zake lilikuwa jekundu kwa sababu ya jua. Alijiuliza kama giza lenyewe lingekuwa na rangi hata hiyo.

*

Adhuhuri alikwenda kuanika nepi. Nyuma ya jiko alimkuta Bibi Editruda akimwagilia mche wa mpapai kwa kikombe chake cha kunywea. Kikombe kilipoisha, bibi alichota kingine mtungini, akakimwaga vilevile.

“Bibi, umekunywa maji leo?”

“Nimekunywa.”

“Midomo yako imepasuka.”

“Wakenya mna udaku,” bibi alisema, lakini bila ukali. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akapumua. “Nauzoesha mwili. Jioni nitamwambia Salvina anipeleke kisimani anitoe. Atalia, atagaragara, lakini mtoto anakwisha na yeye ana macho anaona. Atanitoa.”

“Mwili wako hautaweza. Nesi amesema hata watu wazima wenye nguvu...”

“Nimekula chumvi nyingi, mjukuu wangu. Najua mwili wangu utaweza nini.” Bibi alilamba midomo, na ulimi wake ulikuwa mkavu. “Kufa siogopi sana. Kiu naiogopa, sikufichi. Naiogopa vibaya. Basi usimwambie mpaka nimwambie mwenyewe. Na wewe umalize shule yako.”

Hapo ndipo Chelagat alipopaswa kusema neno. Lilikuwa limeshafika kooni. Badala yake alisema, “Sawa, Bibi,” akachukua kikombe, akakiweka mahali pake. Na tusimpambe: kilichomjaa kifuani kilikuwa faraja. Ilimshukia tamu na ya moto, mpaka akalazimika kushika ukuta. Kuna mwingine. Si lazima awe yeye.

Alianika nepi moja moja akiziangalia kwa uchu, jinsi zilivyo nyeupe, jinsi jua linavyopita katikati ya nyuzi za kitambaa. Ndani ya nyumba hapakuwa na sauti ya mtoto. Alianika ile ya mwisho haraka, kisha akaogopa kuingia.

*

Alimpigia Dakta Kimwaga akiwa amejificha nyuma ya tangi lile la maji ya wageni, ambalo sasa lilikuwa limeota kutu.

“Usiende kisimani,” mhadhiri alisema mara tu alipomaliza kusikiliza. “Chelagat, unanisikia? Usiseme lolote mbele ya lile sikio. Natuma gari lije lisubiri darajani, kwa tahadhari tu, lakini utakaa hapo mpaka uachishwe kwa utaratibu.”

“Na mtoto?”

Kwenye simu ilisikika feni ikizunguka.

“Zile jamii zina namna yake ya kuamua,” alisema hatimaye. “Bila shaka kuna mtu mzima atakayejitolea. Sisi ni wageni, hatuingilii.”

“Kuna bibi. Ameshaacha kunywa.”

“Basi,” alisema Dakta Kimwaga, akashusha pumzi. “Basi, si unaona?”

Chelagat aliisikia ile pumzi ikishuka. Aliitambua. Ilikuwa ileile aliyoishusha yeye adhuhuri akiwa ameshika ukuta, na kuisikia ikitoka kwa mtu mwingine, mtu mwema, aliyeketi ofisini na feni juu yake, kulimtia aibu.

“Daktari, mimi hapa si mgeni,” alisema. “Hapo ndipo shida ilipo.”

“Mama yako alinikabidhi mtoto anayeona.” Sauti ya mhadhiri ilikuwa imebadilika, karibu kulia. “Nitamrudishia nini?”

Chelagat alimfikiria mama yake kule Nandi, jinsi atakavyomshika uso kwa mikono miwili na kumtazama, na yeye asijue anatazamwa. Akakata simu.

*

“Mama, twende kisimani.”

“Maji yapo, Chela. Bibi yako alichota jana.”

“Si kuchota. Twende unitoe.”

Salvina alimlaza mtoto magotini kama vile hakusikia. Mtoto alikuwa na rangi ya majivu pembeni mwa midomo. “Mtu haendi kisimani kumkana mwanawe,” alisema. “Nilisema mbele ya maji, watu wakasikia. Hapa hilo halijafanyika, na mimi sitakuwa wa kwanza.”

“Basi utamtoa Bibi?”

“Nani kasema habari ya Bibi?”

“Anamwaga maji yake kwenye mpapai. Anasubiri jioni.”

Kutoka chumba cha pili sauti ya bibi ilisikika, imekauka. “Nilikwambia usiseme.”

Salvina alishika kichwa. Alianza kuyumba mbele na nyuma, na mtoto akayumba naye. “Ni adabu yangu hii,” alisema. “Ni adabu yangu tu. Sikutaka unywe ya tangi. Nilisema, mtoto wa watu, ametoka mbali, atanionaje?”

“Ulifanya vizuri. Nilikunywa nikajiona niko nyumbani.”

“Na macho yako je?”

Chelagat alitaka kusema kitu cha kishujaa, lakini hakikuwepo. “Naogopa,” alisema. “Twende sasa hivi, Mama, kabla sijageuza nia, kwa sababu nitageuza. Nimeshageuza mara moja leo.”

Hapo Salvina alinyanyuka.

Kisimani palikuwa na wanawake wenye ndoo. Walipomwona mzazi ambaye hajatimiza hata siku zake za kukaa ndani, na mtoto kifuani, waliacha kuongea. Chelagat alipiga magoti, akauzamisha mkono. Nyuzi nyeupe zilikuja kama kila siku, zikapanda kiganja, zikamzunguka kifundo, zikimtekenya. Zilimjua. Zilikuwa zimemjua muhula mzima, na kabla ya hapo hakuwahi kuzitazama vizuri jinsi zilivyo nzuri.

Salvina aliweka mkono wake juu ya ule wa Chelagat. Akaigeukia nguzo.

“Salvina, usifanye,” mwanamke mmoja alisema.

“Mimi si mtoto wa nyumba hii,” Chelagat alisema kuelekea nguzoni. Maji hayakujali. Kauli haikuwa yake.

“Huyu si mwanangu,” Salvina alisema. “Ni mgeni.”

Alikuwa amenong'ona, na sikio halikushika. Taa yake ndogo haikuwaka. Wanawake walisubiri, na Chelagat alihisi kwamba kama Salvina angeinua mkono wake sasa na kuondoka, yeye angemfuata mbio kwa furaha, na Mungu amsamehe. Ikabidi Salvina aseme tena, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba.

“Huyu si mwanangu! Ni mgeni!”

Taa iliwaka. Nyuzi ziliachia kifundo, zikaachia kiganja, zikazama. Maji yalichafuka yakawa kama maji ya kuoshea mchele, na hayakutakata. Kisha yaliyochafuka, kama yaliyobeba nafasi iliyoachwa, yakasogea upande wa Salvina, na Salvina akazamisha mkono mdogo wa mtoto ndani yake na kusema jina la nyumba yao, na nyuzi zikakizunguka kiganja chake.

Chelagat aliteka funda moja apate uhakika. Lilikuwa nyongo, lilimfunga taya, akalitema kwenye magoti yake. Wanawake walinyanyua ndoo wakampisha njia. Hawakumchukia, wengi walikuwa wanalia, lakini hakuna aliyemwita dada.

*

Mtoto wa nyumbani akitoka hasindikizwi. Huambiwa tu awahi kurudi. Mgeni husindikizwa. Kwa hiyo Salvina alijitwika begi la Chelagat, akamfunga mtoto kifuani, akatembea naye njia nzima ya kwenda darajani, na Bibi Editruda akaja nao mpaka mwisho wa mashamba, akinywa maji kutoka kwenye chupa kwa amri ya mkwewe.

Ukungu ulianzia pembeni. Kwanza Chelagat hakuona majaruba ya mpunga ya kushoto, akadhani ni moshi wa mtu anayechoma majani. Akageuka, na moshi ukageuka naye. Alianza kuhesabu vitu ambavyo bado anaviona, barabara, miguu yake, kamba ya ndala ya Salvina, kisha akaacha kuhesabu kwa sababu vilikuwa vinapungua.

“Unaniona?” Salvina aliuliza.

“Naona khanga yako.”

“Ina rangi gani?”

Chelagat alinyoosha mkono, akaipapasa. Salvina alimshika kiwiko, akamwongoza kwenye mawe, akimwambia hapa nyanyua mguu, hapa kuna shimo. Mbele, honi ya gari la chuo ililia, na mbao za daraja zikaanza kusikika chini ya miguu yao. Salvina alisimama. Yeye na mtoto, aliyepata kinga saa chache tu zilizopita, wasingeweza kuvuka.

“Ananyonya?” Chelagat aliuliza.

“Sogea.”

Alisogea mpaka uso wake ukagusa khanga. Hakumwona mtoto, aliona weupe tu, kila upande, weupe usio na kitu ndani yake. Lakini alisikia. Mtoto alikuwa anameza kwa pupa, anapumzika, anameza tena, na maziwa yalinuka matamu kabisa. Chelagat alisikiliza kwa muda. Halafu hofu yote aliyokuwa ameibeba tangu asubuhi ikamjia kwa mpigo, naye akaishika khanga ya Salvina kwa mikono miwili.

“Siwezi kwenda,” alisema. “Mama, sioni. Mama, usiniache, sioni.”

Hatua za dereva zilikuwa zinakuja kwenye mbao. Salvina hakuitika, maana jina aliloitwa hakuwa na ruhusa tena ya kuliitikia. Alikuwa analia bila sauti, machozi yakimdondokea Chelagat kichwani. Kisha akaanza kumbandua vidole kwenye khanga, kimoja kimoja, taratibu, akiangalia asimsumbue mtoto aliyekuwa anaendelea kunyonya.